Fidla ya Ukutani

Fremu ya mlango wa chumba cha nyuma ilikuwa imejaa utepe. Vipande vyembamba, vyekundu na vya bluu na vya njano, vilibandikwa kimoja juu ya kingine kuanzia karibu na sakafu hadi juu ya kitasa, vingine vimefifia kiasi cha kutojulikana vilikuwa rangi gani. Mgeni angedhani ni utundu wa watoto wa nyumba hiyo. Lakini nyumba hiyo haikujaliwa watoto. Ilijaliwa wanafunzi wa fidla, na kila fungu la vipande pale mlangoni lilikuwa mwanafunzi mmoja aliyevuka.

Kuvuka kwenyewe kulikuwa hivi. Chumba cha mbele kilikuwa cha mke, na wote walianzia kwake: kushika upinde, kusimama wima, kubana fidla kidevuni bila kukunja uso kama anayenusa kitu kibaya. Mwanafunzi mpya akifika, mke alikata vipande vya utepe na kuvibandika kwenye ubao wa fidla, kila kimoja pale kidole kinapotakiwa kukanyaga, ili macho yasaidie wakati sikio bado changa. Maana fidla haina alama yoyote, na kidole kikikosea unene wa ukucha tu, sauti inakwenda mrama. Kwa ajili ya vipande hivyo watoto walimbatiza jina la Mama Utepe, kwanza kisirisiri, halafu waziwazi, naye akalipokea bila kinyongo.

Chumba cha nyuma kilikuwa cha mumewe, mpiga fidla wa okestra ya mji, mtu wa maneno ya kupimwa. Mwanafunzi akiiva, mume alitoka mwenyewe huko nyuma, akaichukua fidla ya mtoto, akabandua utepe mbele ya macho yake na kuubandika kwenye fremu. Kisha mtoto aliingia ndani na mlango ukafungwa. Huko ndiko alikojifunza kupiga bila kutazama vidole, na kuupandisha mkono juu zaidi ya ubao, mahali ambapo utepe wa chumba cha mbele haukuwahi kufika. Aliingia mwanafunzi, akatoka mpigaji. Ilivyofanyika hasa, Mama Utepe hakujua. Mlango ukishafungwa hakukuwa na kugonga, hata kwa mke. Alichosikia akiwa jikoni ni sauti moja ndefu, ikirudiwa na kurudiwa mpaka anatamani kuziba masikio.

"Leo mlilala huko ndani?" alimtania mumewe. "Sauti moja saa nzima!"

"Tulikuwa tunasikiliza," mume alijibu, na kwake hayo yalikuwa mazungumzo marefu.

Jambo moja tu liliwagombanisha. Kila mwanafunzi alipoingia, mume aliitundika fidla yake kwenye msumari ukutani, na sanduku lake zuri lenye kitambaa laini ndani liko pale pale. "Fidla si koti," mke alifoka. "Hata seremala hatundiki randa yake hovyo hivyo." Mume alicheka tu, na fidla ikabaki kwenye msumari. Saa ya chai ikifika, mke aliita kutoka jikoni, "Chai!" na mume, badala ya kuitika kwa mdomo na kumkatiza mwanafunzi, alidonoa uzi mmoja wa ile fidla. Hiyo ndiyo ilikuwa naam yake, miaka yote ya ndoa yao.

Alifariki asubuhi moja ya kawaida kabisa, ameinama kufunga kamba za viatu aende mazoezini. Moyo ulisimama, basi. Alikuwa ameshalinganisha nyuzi za fidla na kuitundika ukutani ili mikono iwe huru. Mazishi yalipokwisha na watu kutawanyika, Mama Utepe aliingia chumba cha nyuma, akaitazama ile fidla bila kuigusa, akatoka na kufunga mlango kwa ufunguo. Mkono wa mwisho kuzungusha vigingi vya nyuzi zile ulikuwa wa mumewe, na alitaka ubaki hivyo. Usimcheke. Kila aliyefiwa ana kitu chake anachokilinda, na kikitazamwa na mtu wa nje huonekana upuuzi. Jioni ile ile, kwa mazoea tu, alisimama jikoni akaita, "Chai!" Nyumba ilinyamaza mpaka akaisikia saa ya ukutani. Tangu siku hiyo hakupaza tena sauti kuelekea upande ule.

Chumba cha mbele kikaendelea na kazi. Tatizo la chumba cha mbele, hata hivyo, ni kwamba hakikuwa na mahali pa kwenda. Wanafunzi waliiva wakabaki, wakaanza kurudia nyimbo zile zile kwa uzuri ule ule, na mmoja mmoja wakaacha kuja. Wengine walipata walimu kwingine, wengine waliiacha fidla kabisa. Mama Utepe aliwaaga kwa shingo upande na hakumlaumu mtu. Akiulizwa kwa nini asiwafundishe mwenyewe yale ya nyuma, alisema yeye ni mwalimu wa wadogo, kila mtu na fani yake. Ukweli ni kwamba aliogopa. Aliogopa kwamba hajui, na aliogopa zaidi kwamba anajua, kwa sababu akijua itabidi afungue mlango.

Aliyebaki kati ya walioiva ni msichana mmoja ambaye darasa zima lilimwita Chiriku. Alizungumza akiingia, alizungumza akifungua sanduku, na kama si kidevu kubanwa juu ya fidla angezungumza hata akipiga. Wakati wa kupiga tu ndipo nyumba ilipopata nafuu. Lakini mkono wake ulikuwa na kitu ambacho Mama Utepe alikuwa amekiona mara chache tu katika maisha yake ya kufundisha. Upinde wake ulishika uzi na kuuachia kwa wakati, na hata wimbo wa watoto ukitoka kwake, mtu alisimama kusikiliza.

Mama yake alikuwa muuguzi. Siku moja alipitia kumchukua akiwa bado na sare ya kazini, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayejua akikaa vizuri hatainuka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Zamu imekwisha?"

"Imekwisha, nikaisha nayo." Akacheka kidogo, kisha uso ukatulia. "Mwalimu, usinielewe vibaya. Nyimbo anazopiga huyu mtoto nyumbani, hata mimi sasa nazijua kwa moyo, nikiwa nafua nafuatisha. Okestra ya vijana wanachagua watu mwisho wa mwezi huu. Amenishika, kutwa kucha ni hilo tu. Nataka kujua: anavuka, au nimwambie asahau?"

Mama Utepe aliutazama mlango wa nyuma, halafu akautazama uso wa yule mama, uliochoka lakini wenye matumaini. Alijua kwamba akisema neno baya hapo, mtoto ataondoka kama walivyoondoka wenzake, na safari hii hatajisamehe.

"Anavuka," alisema.

Akamvusha kwa njia ya mkato. Jumatatu iliyofuata, pale pale chumba cha mbele, alichukua fidla ya Chiriku na kubandua utepe kwa kucha, kipande baada ya kipande. Hakuvibandika kwenye fremu. Alivitia kwenye kopo la sukari lililokuwa tupu, juu ya kabati, akafunika. Akamrudishia mtoto fidla.

"Piga."

Chiriku alipiga. Wimbo wote, mwanzo mpaka mwisho, na kila kidole kikatua mahali pake. Mama Utepe alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu siku ya mazishi. Kumbe ndiyo hivi tu! Miaka yote ile mlango unafungwa, watu wananong'ona habari za chumba cha nyuma, kumbe mtoto akiiva ameiva. Alimkumbatia Chiriku, na siku hiyo alitembea barabarani kichwa juu, akiwajibu salamu hata wasiomsalimu.

Kiongozi wa okestra ya vijana alikuwa rafiki wa mumewe, mpiga besi, mwenyewe mnene kama chombo chake, na watu walimwita Besi hivyo hivyo. Alikubali kumsikia mtoto kabla ya siku ya uchaguzi. "Mlete, shemeji," alisema. "Wa kwenu huwa sina wasiwasi nao."

Besi alikuwa na utaratibu wake. Kila mtoto aliyeingia ukumbini kwake aliacha chombo cha nyumbani kwenye sanduku na kupiga fidla ya ukumbi, ili asichaguliwe mtu kwa uzuri wa chombo cha baba yake. Ilikuwa fidla ya kawaida, imetunzwa, ubao wake mweusi unang'aa. Chiriku aliibana kidevuni, akainua upinde na kuanza.

Vidole vilikwenda vyote kombo. Si kidogo. Sauti ya kwanza ilikuwa chini, ya pili juu, na ya tatu haikuwa sauti ya wimbo wowote. Mtoto alisimama, akaanza upya, ikawa vile vile. Akaanza tena, sasa jicho limekwama kwenye ubao, linatafuta, na kadiri alivyotafuta ndivyo alivyopotea. Mama Utepe aliinuka pale alipoketi.

"Ni hii fidla yenu," alisema, na sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyokusudia. "Hajaizoea."

Besi hakubishana. Alifungua sanduku la Chiriku, akatoa fidla yake, akapitisha kidole gumba taratibu juu ya ubao, chini mpaka juu. Akasimama. Akapitisha tena.

"Shemeji, njoo uguse hapa."

Aligusa. Palikuwa na kitu kinanata chini ya kidole, hafifu sana, kwa macho hakionekani. Halafu kingine mbele yake. Na kingine. Utepe ulikuwa umetoka, lakini gundi yake ilikuwa imebaki, mistari mistari, na vidole vya mtoto vilikuwa vikiifuata kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Alikuwa hajavuka popote. Alikuwa amebadilisha macho kwa ncha za vidole, basi.

"Mwenzio alikuwa akifuta kwa spiriti na kitambaa," Besi alisema kwa upole. "Anafuta mpaka ubao unakuwa mtupu kabisa. Nilimkuta siku moja anafanya hivyo. Nilidhani unajua."

"Sikujua," Mama Utepe alisema. "Alifanyia ndani."

"Siku ya uchaguzi bado ipo. Mlete tena siku hiyo." Besi alifunga sanduku na kumkabidhi. Aliongeza, bila kumtazama, "Shemeji, chumba kile bado umekifunga?"

Mama Utepe alilipokea sanduku, akamshika mtoto mkono wakatoka. Njia nzima ya kurudi nyumbani Chiriku hakusema neno, na hilo ndilo lililomtisha mwalimu wake kuliko yote.

Wakafuta ubao kwa spiriti kesho yake, mpaka kitambaa kikawa cheusi. Wakaanza kazi chumba cha mbele. Mama Utepe alimfundisha kwa njia aliyoijua: mtoto akikosea, anamwambia. "Juu kidogo. Hapana, umepitiliza. Shusha. Hapo hapo." Na kweli akiambiwa alipatia. Asipoambiwa alipotea. Siku zikapita, mwisho wa mwezi unakaribia, na mwalimu akaona kwa macho yake kwamba hakuna alichoondoa. Utepe ule sasa ulikuwa ni mdomo wake mwenyewe.

Na ule mdomo mwingine, wa Chiriku, ulikuwa umefungwa. Aliingia, akasalimia, akapiga, akaaga. Alhamisi aliishusha fidla katikati ya wimbo, akaiweka mapajani.

"Mwalimu, nirudishie utepe."

"Nini?"

"Nirudishie tu. Nitapiga zile za watoto. Zile najua." Machozi yalikuwa yakimtoka lakini hakuyafuta, kana kwamba si yake. "Okestra basi. Mama nitamwambia mwenyewe."

Mama Utepe alijikuta ameshika mviringo wa utepe mkononi. Mkasi pia. Mikono ya mwalimu wa wadogo ina mazoea yake, mtoto akilia inatafuta cha kumpa. Alikata kipande, akakisogeza karibu na ubao, na ndipo macho yake yalipokwenda kwenye fremu ya mlango. Rangi zote zile. Wote waliwahi kulia hapa, kwenye kiti hiki hiki, na hakuna hata mmoja aliyerudishiwa. Kipande kilimnata kwenye kidole gumba.

"Nenda nyumbani, mwanangu," alisema. "Njoo kesho. Usimwambie mama kitu mpaka kesho."

Mtoto alipoondoka, alikwenda kuchukua ufunguo. Hakujipa nafasi ya kufikiri, maana alijijua. Kitasa kilikuwa kigumu kwa kutotumika, akapiga moyo konde na kusukuma kwa bega.

Chumba kilinuka vumbi na, mbali kidogo, spiriti. Alifungua dirisha, mwanga wa mchana ukaingia wote kwa mpigo. Kiti kimoja tu, cha mumewe. Kitambaa cheusi kwenye ukingo wa dirisha, kimekauka. Ukutani ile fidla, juu ya msumari wake, imevaa vumbi. Alijikaza asiitazame sana. Akatazama chini, ndipo akaona kitu ambacho alikuwa amekifagia miaka mingi bila kukiona. Sakafu ilikuwa imepakwa rangi nyekundu, na rangi hiyo ilikuwa imelika mahali pawili, pana kama nyayo. Hapakuwa mbele ya kiti, wala karibu na dirisha. Palikuwa karibu kabisa na ukuta, na zile nyayo zilielekea ukutani.

Alivua kandambili, akasimama juu yake. Ile fidla ikawa mbele ya uso wake, karibu na sikio la kushoto, umbali wa kiganja.

Kisha akaongea peke yake, kwa sauti. "Wewe mzee wewe."

Kila mpigaji anajua jambo hili, hata yeye alilijua tangu utotoni, ila alilichukulia kama pambo. Ukipiga sauti fulani ikawa sahihi hasa, uzi wa wazi, usiokanyagwa na kidole, wenye undugu na sauti hiyo hutetemeka wenyewe, hata kama ni wa chombo kingine kilicho karibu. Ukikosea unene wa ukucha, unanyamaza. Hapo ndipo mwanafunzi aliposimamishwa, bila utepe, bila mwalimu wa kumwambia juu au chini, apige sauti moja ndefu, aache, asikilize kama imeitikiwa. Na mumewe alikaa kwenye kiti, mikono mapajani, hasemi kitu. Tulikuwa tunasikiliza. Alikuwa amemjibu kwa ukamilifu kabisa, na yeye akamcheka. Fidla ile haikuwa imetundikwa kwa uvivu. Ilikuwa kazini.

Akanyoosha kidole, akaudonoa uzi mnene.

Ulitoa mlio wa kusikitisha, umelegea, haujulikani ni wa sauti gani. Akadonoa wa pili, wa tatu, wa nne. Kila mmoja ulikuwa umeshuka kwa kiasi chake. Joto na baridi na siku zilizopita vilikuwa vimefanya kazi yao nyuma ya mlango uliofungwa, bila kumuuliza. Sauti ambazo mumewe alizilinganisha asubuhi ile hazikuwemo tena. Huenda zilipotea mwezi wa kwanza tu. Mwaka mzima na zaidi alikuwa amelinda chumba kisicho na kitu, na watoto wangapi waliondoka mlangoni kwake kwa ajili hiyo.

Akaketi kwenye kiti cha mumewe, akalia. Hakuwa amelia hivyo hata makaburini, kwa sababu makaburini kulikuwa na watu wa kuhudumiwa. Alipomaliza alijipangusa kwa kanga, akainuka, akaishusha fidla kutoka msumarini, akaifuta vumbi, na kushika vigingi. Vilikuwa vikavu. Akavizungusha kidogo kidogo, sikio limeinama, uzi mmoja baada ya mwingine, mpaka nyuzi zikapatana. Mkono wa mwisho sasa ulikuwa wake. Akaitundika tena mahali pake.

Kesho yake Chiriku alikuta mlango wa nyuma uko wazi. Alisimama kizingitini, fidla kifuani.

"Niingie?"

"Subiri." Mama Utepe alipanda juu ya kigoda, akashusha kopo la sukari, akatoa vipande vyake vyekundu vilivyojikunja. Akavinyoosha kwa kidole na kuvibandika kwenye fremu, juu ya vyote. Vilishika kwa taabu, gundi ilikuwa imebaki kidogo. Akavibana kwa kiganja mpaka vikakubali. "Sasa ingia."

Alimsimamisha juu ya zile nyayo. Miguu ya mtoto ilikuwa midogo kuliko alama.

"Mwalimu, nimefanya kosa gani mpaka natazama ukuta?" Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote za wiki ile, na Mama Utepe aliipokea kama zawadi.

"Hujafanya kosa. Kidole cha tatu, uzi wa pili kutoka ule mnene. Piga sauti moja, ndefu. Halafu uache, funika nyuzi zako kwa kiganja, usikilize."

"Nisikilize nini?"

"Utajua."

Akaenda kuketi. Chiriku akapiga, akaacha, akafunika. Kimya. Sauti ilikuwa chini, Mama Utepe aliisikia wazi, na neno "juu" likamjia mpaka kwenye meno. Akalimeza. Akaweka mikono mapajani na kuona jinsi kazi ya kukaa tu ilivyo ngumu. Mtoto akapiga tena. Kimya. Tena. Sasa juu mno. Aligeuza shingo kutafuta msaada, akakuta mwalimu anatazama dirishani. Akarudi ukutani. Alisogeza kidole, akapiga, akasogeza, akapiga, sauti ile moja ikajaa nyumba nzima, na kama mtu angekuwa jikoni angetamani kuziba masikio.

Halafu akaacha, akafunika nyuzi, na sauti haikuisha.

Ilikuwa ndogo, ndogo sana, inatoka ukutani. Ule uzi mnene ulitetemeka peke yake, hakuna aliyeugusa, ukavuma kidogo kisha ukatulia. Chiriku hakugeuka.

"Mwalimu," alinong'ona. "Imeitika."

Tangu afiwe, Mama Utepe alikuwa ameita mara moja tu, jioni ya mazishi, na nyumba ikanyamaza. Sasa aliitikiwa, na aliyeita alikuwa ni mtoto wa watu, anayejua kusogeza kidole mpaka apate. Machozi yalimshuka hadi shingoni akayaacha yapite.

"Tena," alisema hatimaye.

Chiriku akapiga tena, na ikaitika tena. Baadaye mwalimu alimwambia apandishe mkono, kidole cha kwanza kihamie pale alipokanyagia cha tatu, juu huko ambako hajawahi kufika. Mara ya kwanza alipitiliza, mara ya pili akapungukiwa. Hakutazama ubao. Alisogeza, akisikiliza, na ukuta ukamwambia alipofika.

Mwisho wa mwezi, kwenye fidla ya ukumbi, sauti yake ya kwanza ilikosea. Mama Utepe aliyeketi nyuma alifumba macho. Lakini mtoto hakusimama wala hakuinamisha kichwa, kidole kilijongea upesi, kikapata, na wimbo ukaendelea mpaka juu ya ubao na kurudi salama. Besi alimpa kiti cha mwisho kabisa, safu ya nyuma. Muuguzi alipiga vigelegele ukumbini mpaka mlinzi akachungulia.

Na Jumatatu Chiriku alirudi darasani, anaongea tangu barabarani, akaingia chumba cha nyuma akajifungia. Huko mbele kulikuwa na mwanafunzi mpya anayesubiri utepe wake wa kwanza, akihema kwa woga. Mama Utepe alimbandikia, akamwambia apumzike kidogo, akaenda jikoni kuchemsha maji. Maji yalipochemka, alishika birika, akatazama ule mlango uliofungwa, na kabla hajajizuia alikuwa ameshaita.

"Chai!"

Sauti ndefu ikakatika. Chiriku, Chiriku yule yule asiyejua kunyamaza, alikuwa amebana fidla kidevuni na hakuweza kuitika kwa mdomo. Kutoka ndani uzi mmoja ukadonolewa.

Mama Utepe alisimama na birika lake mpaka mlio ukaisha wote. Kisha akashusha vikombe kabatini.